Mizizi ya Kapu la Shangazi

Jumanne, 5 Machi
Mvua imetuvamia mchana! Mizizi yote juani — yangu ya kutia vitambaa rangi upande huu, ya dawa ya shangazi upande ule, mwenyewe hayupo. Nikaizoa yote pamoja, mbiombio. Kuja kuigawa tena, macho yakanishinda; ikikauka yote hufanana. Nimekisia. Si kitu, shangazi hunusa kila mzizi kabla hajafunga dawa. Pua ile haijawahi kukosea, na hachoki kutukumbusha.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi ana mafua. Nikamuuliza, leo utanusa kweli? Akanijia juu — eti alianza kuchagua mizizi kabla sijaota meno! Nikanywea. Habari ya mvua sikumwambia.

Ijumaa, 8 Machi
Wifi kapita kuchukua dawa yake ya tumbo. Mimba ya miezi saba, anatembea kajishika kiuno. Kanitania kuwa mikono yangu myekundu itamtisha mtoto. Tumecheka. Alipoondoka sikuweza kutulia. Nimefagia ua mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Nimechemsha mizizi tangu asubuhi, nikatumbukiza vitambaa. Nangoja wekundu — napata rangi ya chai! Nimeongeza mizizi. Nimeongeza shabu ya kukamatisha rangi. Wapi!
Nikakaa chini. Kama dawa ndiyo iliyo kwenye sufuria yangu, rangi yangu iko wapi?
Wifi! Ile ya rangi hainywewi, na mwenye mimba hata asiionje, shangazi mwenyewe hunikanya kila siku. Nimepiga simu. Hapokei. Natoka.

Jumamosi hiyohiyo, alasiri
Kwenye benchi, nje ya wodi. Mimi na shangazi tulimkuta wifi kwake, kajikunja sakafuni, tumbo linamkata, kikombe kitupu. Kaka yangu, mumewe, yumo ndani naye. Hatuambiwi kitu.
Shangazi nimemweleza habari ya sufuria tu. Kakiri kuwa pua yake imekufa tangu Jumatatu, aliona haya kusema. Anadhani kosa ni lake peke yake. Naogopa. Kila nikifungua mdomo niseme habari ya mvua, naishia kuuliza kama anataka maji.
Nesi katoka na kile kifurushi cha dawa tulichokuja nacho. Anauliza ni nani aliyempa mgonjwa mizizi hii.
Shangazi kasimama. Kasema, ni mimi, mwanangu.
Nesi anauliza kama kuna mwingine aliyeishika. Shangazi anasema hakuna.
Mimi nimekaa. Bado naandika.