Kutoka Kigoma Hadi Tabora kwa Ndege

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Ujiji.
Mwaka wa arobaini na nne tangu nitoke Tabora na mzigo kichwani. Chai, kisha gazeti. Mkwe wangu, muuza dagaa, amenikatia tiketi ya ndege. Maili mia mbili na ushee, saa moja na nusu. Sisi wapagazi tuliikata njia hiyo kwa wiki tatu. Kanikabidhi akicheka: "Haya baba, mbali imekwisha."
Sikucheka. Dada yangu mdogo, Nyamizi, ameniita nyumbani Ntalikwa kila mwaka. Kila mwaka nilijibu kuwa ni mbali. Treni ilikuwapo, nikasingizia mgongo. Sasa amebaki peke yake, na mwanangwa, mkuu wa kijiji, atawapa wengine shamba letu, lililo kwa jina langu, nisiporudi kulikalia.

Jumatano, 6 Agosti. Ntalikwa.
Uwanjani Kigoma walitupima kwenye mizani, mtu na begi lake, kama pamba. Huko juu niliitafuta njia yetu ya zamani. Mto Malagarasi, kisha misitu ya miombo tu. Peremende ya pili waliyonipa ilikuwa bado mdomoni tulipotua Tabora.
Nyamizi alisimama nje ya ua wa waya. Vumbi hadi magotini. Amezeeka kuliko nilivyojiandaa kumwona.
"Shikamoo, kaka."
"Marahaba. Umefika saa ngapi?"
"Sasa hivi. Nimetoka nyumbani alfajiri." Akaitazama ndege. "Na wewe?"
"Baada ya chai."
"Ee! Kumbe ndiyo mbali yenyewe!"
Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana. Akanipokea begi, akajitwika. Mpagazi mimi nikamfuata mikono mitupu.

Alhamisi, 7 Agosti.
Chumba changu kipo. Kimefagiliwa. Nyamizi hukiezeka upya kila mwaka kabla ya mvua.
Majirani walijaa uani kumtazama mtu wa ndege. Mzee mmoja akauliza, "Mama yako tulipomzika, ndege zilikuwa zimeharibika?" Wakacheka. Nyamizi akawakemea: "Mwacheni kaka yangu. Si amerudi?"
Nikausukuma ugali pembeni, nikaenda kunawa.

Jumamosi, 9 Agosti. Ujiji.
Nyamizi alinisindikiza hadi uwanjani, begi kichwani tena. Akauliza amwambie nini mwanangwa. Nikasema, "Nitakuandikia." Woga mtupu.
Ndege iliondoka saa tisa. Nimefika nyumbani, nimeoga, nimekunywa chai. Mjukuu kaniletea kashata. Nikatazama saa. Nyamizi alikuwa bado njiani.

Jumapili, 10 Agosti.
Upepo wa ziwani. Sikusoma gazeti.
Nimemwandikia mwanangwa kwamba shamba ni la Nyamizi, na mimi sidai kitu. Kisha nikamwandikia Nyamizi mwenyewe. Barua fupi. Sikutaja maili wala mgongo. Nimemwambia asikiezeke tena kile chumba.
Sitarudi.