Jamu Iliyomo Ndani ya Fecske

Mtaa wa Malom 6,
Kisvölgy.
16 Septemba 1998.

Mpendwa mdogo wangu Rozi,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Hamjambo huko Kanada? Je, mgongo wa shemeji umepona? Sisi tu wazima, na mama hajambo, ila goti humsumbua baridi ikianza. Mimi nina afya ya mwili tu. Roho inanichemka, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Jumamosi kiwanda kilisherehekea miaka thelathini ya Fecske, ile chokoleti yetu yenye jamu ya plamu ndani. Wafanyakazi wa zamani walialikwa, nami nikamsindikiza mama. Wakatukalisha nyuma kabisa, kila mmoja na Fecske yake na kijitabu cha historia. Nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika upya.

Eti Fecske ilibuniwa na marehemu mkurugenzi Szendrő aliporudi kutoka Vienna. Szendrő, ambaye hata kuchemsha yai kulimshinda. Tena eti alipika plamu kwa sukari. Sukari, Rozi! Sisi tuliokuzwa tukikoroga sufuria uani kutwa nzima bila hata punje ya sukari, mpaka mwiko ukipinduliwa jamu haidondoki. Aliyeandika upuuzi huo hajawahi kukanyaga ua wa mtu wa hapa.

Wewe unajua baba alivyotusimulia. Mwaka 1968 krimu ya kujazia chokoleti ilikosekana wiki nzima, na wanawake wakaleta jamu kutoka majumbani. Za wengine zilikuwa nyepesi, zikavuja. Aliyoileta mama ikashika. Mama hakuwahi kukanusha.

Basi uvumilivu ukanishinda. Nikasimama katikati ya hotuba nikasema, "Samahani, Fecske ni ya mama yangu, na huyu hapa amekaa." Mama akanivuta sketi.

"Kaa chini wewe, unaniaibisha."

"Mama, wanakuibia mchana kweupe."

"Nimesema kaa."

Mkurugenzi mpya, mwanamke mmoja mpole wa Budapest, akatufuata baadaye kwa adabu. Akasema kibao cha shaba cha kubandikwa mlangoni bado hakijachongwa, kwa hiyo jina la aliyeibuni Fecske linaweza kurekebishwa. Nikamtajia la mama, herufi kwa herufi. Mama alikuwa akitazama viatu vyake.

 Tulipofika nyumbani jikoni, koti bado mwilini, mama akasema, "Etelka, jamu ile ilikuwa ya Terka."

Unamkumbuka Balla Terka, jirani aliyefanya kazi meza moja na mama, akafa bila mtoto tukiwa wadogo. Siku ile alikuwa mgonjwa, akampa mama sufuria yake aipeleke, na watu wakamshukuru aliyeibeba.

"Nilitaka kusema kesho yake," mama akaniambia. "Lakini baba yenu alikuwa ameshajitapa mtaa mzima."

"Miaka thelathini, mama?"

"Kwani mimi sijui kuhesabu?"

Nilimkasirikia, sikufichi. Nimemwandama Szendrő kwa wizi mbele ya ukumbi mzima, kumbe mwizi mwingine nimemshonea gauni la sherehe kwa mikono yangu. Siku tatu hakupata kwangu zaidi ya salamu.

Leo asubuhi akachukua fimbo, akaenda kiwandani peke yake. Aliyenisimulia ni Feri tuliyesoma naye, ndiye mlinzi wa getini. Alifungua daftari la wageni, akamuuliza amekuja kumwona nani.

"Balla Terka."

"Mama, hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Najua hayupo. Mimi ndiye niliyemtoa. Andika."

Feri akaandika, kisha akampeleka kwa mkurugenzi.

Nisalimie shemeji Gábor na watoto wote. Mungu awafunike kwa mema, awarudishe tuonane. Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Ukimwandikia, usimlaumu, mwombe tu akusimulie Terka alikuwa mtu wa namna gani, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza.

Dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Etelka