Nyumba Niliyoiona Kutoka Kikapuni

Riyadh ndugu yangu, lori nimelinunua. Sikukagua hata breki.

Si unajua kampuni yetu ya umeme ilinituma nichague lori la kuinulia mafundi kwenye nguzo? Muuzaji hapa Kismayo akaniambia niingie kwenye kikapu chake ili nilijaribu. Akaniinua.

Nikaiona nyumba yetu. Ile mama aliyoikimbia wakati wa vita, na mimi tumboni. Nimeshapita pale mara nyingi, ukuta unaficha kila kitu. Kule juu nikauona ua mzima, na kisima anachotusimulia mpaka leo.

Mwanamke alikuwa anaanika nguo kando ya kisima.

Muuzaji ananiuliza kutoka chini, "Vipi, linakufaa?" Nikasema linafaa.

Yule mwanamke alinipungia mkono, Riyadh. Ndani ya ua wetu.

Na mimi nikampungia.