Baba, Usifute

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mgongo umepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila vidole vimechubuka kwa mashuka. Hoteli imejaa wageni na sisi wa kufulia hatupumui. Silalamiki, ndiko kunakonilisha.

Kamera umeipata? Mwenzangu aliyekuja likizo huko aliniapia kwamba hatamwachia jirani, ataiweka mkononi mwako.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu ule uvimbe utokee chini ya sikio, Mama hataki nimwone kwenye simu. Anaiweka sikioni tu, anaongea, anakata. Aliniambia mwenyewe kwamba wataukata mwishoni mwa Machi, na kwamba mshipa wa fahamu unaovuta tabasamu umepita katikati ya uvimbe huo. Wakilazimika kuukata na mshipa huo, tabasamu lake halitarudi kama lilivyokuwa. Alilisema jambo hilo kama anayeniambia bei ya sabuni. Nilipokata simu nililia mpaka msimamizi akanituma nikanawe uso.

Siwezi kuja, Baba. Vibali vyangu vya kuishi nchi hii bado viko ofisi ya uhamiaji, nikitoka sasa sirudi. Na sina picha yake hata moja ya maana. Ile ya kitambulisho anaonekana kama mtu aliyeitwa polisi. Za simu yenu ndiyo usiseme, ni kama zimepigwa kupitia glasi ya maziwa. Nataka picha moja tu ya Mama akicheka, kabla ya siku hiyo. Mpiga picha wa mtaani hamtaki, kasema uso wake si wa maonyesho. Ila kasema wewe ukimpiga, sawa.

Juu ya kamera kuna kigurudumu. Kiweke penye neno Auto, bonyeza, basi. Kisha nenda steshenari, kwa yule dada anayezituma barua zako kwa kompyuta, anitumie.

Mwanao,
Kitindamimba

9 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Sisi tu wazima, na mama yako ni mzima wa sauti pia, majirani ni mashahidi. Pole kwa vidole, pakaa mafuta kabla ya kulala.

Kamera nimeipata. Kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha zote za dunia, ila sikuona ya kwetu. Nimetazama michoro mpaka kichwa kikaniuma.

Hilo neno Auto nimeliona, nikalipita. Mwanangu, nimeshika randa tangu sijaota ndevu, sijawahi kutumia chombo kinachojiamulia chenyewe. Niliweka penye M, ambapo kila kitu fundi anapanga kwa mkono wake. Picha ya kwanza ikatoka nyeusi tii. Nikazungusha hiki na kile, ya pili ikatoka nyeupe pe. Mama yako akachungulia kwenye kioo cha kamera akauliza, "Sasa mimi hapo niko wapi?" Nikamwambia, uko humo humo, tulia.

Nikamhamishia dirishani apate mwanga. Dirisha likatoka zuri ajabu, hadi vichwa vya misumari vinahesabika. Mama yako akatoka kivuli cheusi chenye kilemba. Nilitamani kuitupa kamera kwenye pipa la maranda.

Lakini kuna kitufe kimoja nimekipenda, kile chenye alama ya kopo la taka. Ukikosea unabonyeza, na kosa linaondoka kama halikuwahi kuzaliwa. Laiti mbao zingekuwa hivyo! Karakana yangu haijawahi kutoa kiti kinachoyumba, na kamera hii haitatoa picha mbovu. Zote nimefuta. Vuta subira.

Baba yako

14 Februari

Baba,

Shikamoo tena. Mimi mzima, nashukuru. Mwambie Mama sweta nimevaa, aache kuniuliza.

Umenichekesha, halafu ukaniudhi. Dirisha liwe mbele yake, yaani nyuma yako wewe. Ukimweka mgongo dirishani, kamera inatazama ule mwanga inamsahau yeye. Hiyo M iache, nakuomba. Hata mimi siijui, na niliuziwa na mtu aliyekuwa anaijua.

Na jambo moja kubwa kuliko yote: usifute. Tafadhali. Nitumie hizo mbovu. Nitumie hata yenye sikio peke yake. Picha si kiti, hakuna atakayeikalia akaanguka.

Machi haiko mbali, Baba.

Kitindamimba wako

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari za huko? Sisi tunasukuma siku. Mama yako anakula vizuri, ila anatafuna upande mmoja.

Usinione kimya ukadhani nimelala. Ule ushauri wa dirisha ulikuwa wa kweli, sasa sura inaonekana. Tatizo likahamia kwenye mikono. Ndani mwetu mna giza kidogo, na kamera ikiwa gizani inataka mtu asitikisike kabisa. Mimi mikono hii imegonga nyundo miaka yote, haijui kutulia. Kila picha ina ukungu, mama yako ana pua mbili.

Basi nikaamua kuitengenezea kamera kigoda cha miguu mitatu. Nimechagua mbao ngumu, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikangoja ikauke, nikapaka tena. Nimekipima kwa pimamaji, hakiinami hata unywele. Wateja wanauliza vitanda vyao, nawaambia wangoje.

Jana nikaifunga kamera juu yake, nikamkalisha mama yako, nikaning'iniza timazi mlangoni nipate mstari ulionyooka. Nikampima kutoka bega hadi ukuta, kushoto na kulia. Nikamwambia kidevu juu. Nikamwambia si juu hivyo. Akaniambia, "Mume wangu, mimi ni mtu, si kabati." Nikamwambia cheka. Akanionyesha meno kama anayekaguliwa na daktari wa meno. Nikamwambia cheka vizuri. Akasema, "Niletee cha kuchekesha."

Nikarudi nyuma nipime tena, nikajikwaa kwenye boksi la misumari, nikakalia kopo la vanishi. Lilikuwa wazi. Hapo akacheka, mwanangu! Alicheka akajipiga mapaja, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Nikanyoosha mkono kutoka pale chini nikabonyeza. Picha ilitoka, lakini kigoda kilikuwa kimesukumwa, imepinda vibaya, mkono wake mmoja umepita mbele kama upepo, na nusu ya mlango imeingia. Nikaifuta. Sasa najua anaweza kucheka, kilichobaki ni kumpata amenyooka. Haraka haraka haina baraka.

Baba yako

4 Machi

Baba,

Shikamoo.

Umeifuta? Umeifuta?

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido na toroli la mashuka, nikakaa chini. Hiyo ndiyo picha niliyokuomba! Sikuomba mlango ulionyooka. Milango yako yote naijua, nimekua nikiifungua. Niliomba Mama akicheka, ukampata, ukamtupa kwa sababu amepinda.

Unaniambia haraka haraka haina baraka. Na mimi nakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesho asubuhi mpige. Mpige akipika, akifoka, akikutukana. Usipime kitu. Usiguse kile kitufe. Halafu nitumie zote.

Samahani kwa ukali. Lakini sifuti nilichoandika.

Kitindamimba

17 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Walitupigia simu kutoka hospitali. Daktari mkubwa anasafiri, wakasema ama mgonjwa aje kesho yake au angoje bila kujua mpaka lini. Mama yako akasema twende. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga asubuhi ile ile kabla hatujatoka. Betri nilikuwa nimeichomeka ukutani ichaji, na umeme ulikuwa umekatika mimi nimelala. Nilibonyeza, kamera haikuwaka. Nilibonyeza na kubonyeza. Mama yako akasimama mlangoni na mfuko wake akasema, "Acha. Tutachelewa."

Uvimbe wameutoa wote, na daktari amesema haukuwa ule mbaya. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Mshipa hawakuweza kuuokoa. Upande wa kulia wa uso umelala. Anakunywa kwa mrija, na maneno yanamtoka yamelowa. Kioo cha kabati amekigeuzia ukutani. Kabati lile nililitengeneza mimi, ni zito, sijui alilisogezaje peke yake.

Picha sina hata moja. Zile nilizompiga baada ya barua yako zilikuwa na ukungu, nikazifuta nazo, nikasema kesho.

Nisamehe.

Baba yako

30 Machi

Kitindamimba,

Hujambo, mwanangu? Nimekuandikia, sijaona jibu. Dada wa steshenari amenihakikishia kwamba barua ilikwenda. Nimemwomba aangalie tena.

Mama yako anaendelea. Kidonda kinafunga. Akisikia simu inalia ananipa mimi niseme kwamba amelala, na wewe najua huamini.

Nimerudi kazini. Vitanda vya mteja vimekwisha, nikavipiga picha vitatu vyote kwa kamera yako, kwa pembe zote. Vimetoka safi sana, vimenyooka. Niliviangalia nikajiona mjinga. Kamera nimeiweka juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa.

Niandikie hata neno moja, hata la matusi.

Baba yako

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe na mimi kwa ukimya. Niliandika barua mbili, zote mbaya, nikazifuta. Ndiyo, nami nilifuta. Kumbe tabia nimerithi.

Bado nina hasira. Siwezi kukudanganya. Namkasirikia daktari, na umeme, na ofisi ya vibali, na wewe, na mimi niliyekutumia kamera wakati nilipaswa kuja mwenyewe.

Lakini nisikilize. Mwenzangu wa zamu ameniambia kwamba picha ukiifuta haiondoki palepale. Inabaki kwenye kadi imelala, mpaka picha nyingine ije iilalie. Kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuziamsha. Toa ile kadi ndogo ndani ya kamera. Usipige picha tena, hata ya nzi. Mpelekee fundi.

Na hivyo vitanda ulivyovipiga, naomba visiwe vimelala pabaya.

Kitindamimba

21 Aprili

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Natumaini baridi ya huko imelegea. Hapa mama yako ameanza kula vitu laini, na jana alinifokea kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Sikuelewa maneno yote, lakini sauti niliijua, nikafurahi.

Kadi nilimpelekea fundi kompyuta. Alikaa nayo, akanitazama, akaniuliza, "Mzee, huyu mama alikukosea nini? Umemfuta mara nyingi hivi."

Zimerudi, mwanangu. Si zote, nyingi. Nimezituma zote, mbovu kwa mbovu, ufungue ukiwa umekaa. Utamwona akiwa kivuli dirishani. Utamwona na pua mbili. Utamwona amefumba macho, amenuna, ananinyooshea mwiko, anapiga miayo, anamwambia jirani kitu bila kunitazama. Nilikuwa nikizitazama kila moja natafuta kosa, nalipata, nafuta. Safari hii nilizitazama pale kwa fundi kama mtu mwenye njaa.

Ile ya kucheka imerudi nusu. Juu kuna kilemba kilicholegea, paji, na macho yote mawili yamefinywa kwa kicheko. Chini ya pua ni kijivu kitupu. Fundi akasema pale kuna picha nyingine imelalia. Ni kitanda cha mteja.

Nilikaa kwenye kibaraza chake sikuweza kuondoka.

Fundi alinichapishia pia kwenye karatasi, lakini nyumbani sikutaka kumwonyesha mama yako. Akanipokonya. Alipitisha moja moja, pole pole, amekaa pale pale dirishani. Akasema, na safari hii nilimwelewa vizuri, "Kumbe wote hawa ulinitupa?" Nikasema ndiyo. Nikamwambia nilikuwa nataka aliyenyooka. Akafika kwenye ile nusu, akaitazama sana, akaweka kidole juu ya ule ukijivu. Kisha akaniuliza kama suruali ile ya vanishi bado ninayo.

Ninayo. Akasema nikaivae.

Nikaivaa, mwanangu. Imekauka makalioni imekuwa ngumu kama ubao, siwezi hata kukunja goti. Nikatoka chumbani natembea kama bata. Akaanza kucheka. Kicheko chake sasa kinatoka upande mmoja tu, upande wa pili haujibu, akataka kujifunika na mkono, halafu akaacha. Fundi alinipa kadi mpya, ile ya zamani nimeifungia. Nikashusha kamera kutoka juu ya kabati. Kigoda sikukichukua. Nikazungusha kigurudumu mpaka penye Auto, nikabonyeza.

Ni hii niliyoiweka mwisho. Mdomo umekwenda kushoto, mlango umeingia, na kidole changu kimeziba pembeni. Lakini tazama jicho la kushoto, kisha lilinganishe na lile la kwenye nusu picha. Ni lile lile.

Imepinda. Sijaifuta.

Baba yako