Yaya Kavira amerudi kubeba viazi

Butembo, siku ya nne, Alhamisi. Mvua imekamata tangu asubuhi, matope mpaka kwenye pédale. Hata miye, motard, mwenye kubeba batu kwa moto (pikipiki), mwenye banawake ba soko nzima banamutafuta kwa jina, leo sikubeba mutu. Niko kwenye kitanda, naandika.

Yaya Kavira ameondoka.

Ni dada yangu mukubwa. Alizaa mutoto wa kichwa kikubwa (sawa ya mujomba wake, kimejaa akili), akakuja kupumuzika kwetu. Kisha kuzaa, mukojo ukaanza kumuponyoka: akikohoa, akiinua bidon ya maji, akicheka. Sikujua. Niliona tu kama nikianza mizaha yangu, anasimama, anaenda. Nikafikiri amenichoka. Miye, mwenye ba-motard bote banasahau ba-client juu ya kunisikiliza!

Mama akanituma nimupeleke Beni, kule Beu, kwa mama mumoja kiné, mwenye kufundisha batu mazoezi ya misuli. Nilikuwa nangojea inje, yule kiné akaniita: "Weye wa moto, ingia. Ni weye utamukumbusha."

Haya ikanikamata, mais nikaingia. Akaeleza kama kuna misuli huko chini inashikilia kibofu na nyumba ya mutoto, na kuzaa kunailegeza. Donc unakaza sawa mutu anazuia mukojo na upepo pamoja, hapana kufunga pumzi, kisha unalegeza polepole. Kila siku. Ukitaka kukohoa, kaza kwanza. Na mizigo mizito, bado kabisa.

Niliacha masomo mapema, lakini ile leçon naijua kuliko ba-docteur. Akasema hata banaume tuko na ile misuli. Nikajaribu kwenye barrière, polisi akaniuliza juu ya nini natoa macho.

Juma iliyopita niliiga padri vile anashuka kwenye moto yangu, soutane, ile kanzu yake, imekamatwa kwenye munyororo. Yaya akacheka mpaka machozi.

Akabaki amekaa.

Leo mama ya bwana yake akafika toka Masereka. Viazi vimeiva, mikono ya kazi ni kidogo. Akatoa kamba mupya, ile ya kupitisha kwenye paji la uso juu ya kubeba mizigo, akaiweka kwenye magoti ya Yaya. Ndiyo kusema: umepumuzika, inatosha.

Yaya akaniangalia. Mbele ya mama mukwe hawezi kutaja mambo ya chini ya kiuno. Na miye, kaka mudogo, ndiyo mubaya zaidi. Mama yetu angejua namna ya kusema, mais alikuwa sokoni.

"Mama, asibebe kwanza," nikasema.

"Juu ya nini?"

Kinywa yote hii Mungu alinipa, ikatoa neno moja tu.

"Mugongo," nikasema.

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mugongo, mwanangu? Si ni ya kubebea?"

Yaya akakunja ile kamba, akafunga mutoto, akatoka. Hakunikasirikia. Ile ndiyo inanikula roho.

Shemeji, bwana ya Yaya, iko Kasugho, anarudi siku ya mungu, Jumapili. Nitapanda Masereka. Na mwanaume mwenzangu naweza kusema. Acheke, anitukane, nitamuambia neno lenyewe, mukojo, na misuli, na mizigo.

Lakini viazi banaanza kuchimba kesho.