Karanga Nilizofunga Ndani ya Gazeti Lako

Ilunga, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Miguu yako ilikatwa huko Lubumbashi? Miaka tatu huvuki mulango wangu. Hata mwizi anarudiaka kuchungulia nyumba aliyoiba! Mi kambo yako, mama ya baba yako, sikusoma, unajua. Mama mwalimu wa hapa Kapata njo anaandika, na nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Nakumbuka gazeti lako Tochi lilizaliwa kwenye meza yangu ya kulia. Wewe na benzako bawili mulikunja kurasa, mukazishona na uzi wangu. Nikauliza, "Gazeti gani hili, halina picha ya mukubwa hata mumoja?" Ukacheka: "Kambo, bakubwa bako na magazeti yao. Hili ni la bale bako chini."

Kisha balinzi ba mugodi bakaanza kulichana popote baliliona. Siku ile ulipokimbia uliniambia, "Kambo, ondoa makaratasi mbele ya balinzi kukuja." Mi nikaondoa. Niliyabeba sokoni, nikafungia karanga. Karatasi ni karatasi, si ndiyo? Uliporudi, ulisimama kama mutu aliyepigwa. "Kambo, ukurasa wa nyuma ulikuwa na majina ya bafu, bale shimo liliua. Na la baba." Bukari niliyokusongea ikapoa. Ukaenda.

Jina la mutoto wa tumbo langu, nililifungia karanga.

Lakini sikiliza, maana hukungoja kusikia. Bachimbaji balianza kurudi kwenye meza yangu. "Mama, karanga kula weye. Leta karatasi, hii ilikatika pa utamu!" Balibandika vipande na bukari, bakasomeana.

Mwaka uliopita shimo lilianguka. Zamani bangeshuka kesho yake, juu ya vichwa vya benzao. Safari hii balikaa pa mudomo wa shimo, bakakataa kushuka mpaka benzao batolewe. Bakataja majina ya bafu, moja moja, bakianzia yale ya Tochi. Nilikuwa pale na sahani yangu kichwani. Nikasikia jina la baba yako mu kinywa cha kijana nisiyemujua. Nikaketi mu vumbi.

Unaambia bantu kwamba gazeti lilikufa. Nani alilizika? Mi nilikosa. Nimesema, mwalimu ameandika.

Ukikuja, usiniletee kitenge. Pitia kwa bachimbaji, leta ule ukurasa wa nyuma balioubandika. Mbele ya kula, shika kidole changu, ukiweke pa jina la baba yako, na usikitoe mpaka niseme.

Kambo yako