Nilichojifunza kwa Jirani Bi Joyce

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na migomba ya Muleba haikupi kazi kupita kiasi. Sisi wawili huku ughaibuni ni wazima, na mpaka leo nikiamka namtazama Festo kama vile ndoa ilifungwa jana. Hunipikia chai kabla ya kwenda kuwahudumia wazee kituoni kwake. Shangazi, napendwa!

Ila miguu yangu haitulii. Akitoka, nazunguka tu: dirishani, jikoni, tena dirishani.

Jirani yetu, bibi mmoja aitwaye Joyce, amenifundisha neno lao la Kiingereza, "grumble". Ni kulalamika, lakini si kule kwa kupeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni kunung'unika chinichini, hata bila kutaka jibu. Ukimjulia hali husema haifai kunung'unika, kisha hunung'unikia mvua, mkate na goti lake mpaka chai inapoa. Akimaliza anakuwa mwepesi kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi. Akiniuliza mimi, najibu nzuri tu.

Si ulinifunda mwenyewe, Shangazi? Bibi harusi hanung'uniki kwa mumewe; chumvi ikizidi, anameza. Basi nikameza. Baridi nikameza, upweke nikameza. Jumapili Festo akaniambia kazini wanataka aongeze miaka mitatu, na kesho yake angekubali.

"Naona umepapenda," akasema. "Hujawahi kulalamika."

Nikapiga magoti kama ulivyonionyesha, nikaanza. Nilinung'unikia mvua, nikanung'unikia viazi vya kila siku, nikanung'unikia dirisha lisilofunguka, mpaka machozi yakanitoka. Mwisho nikasema, "Festo, mimi nataka kwetu."

Akaja kukaa sakafuni kando yangu.

"Baba naye alinifunda," akasema. "Mwanamume halalamiki mbele ya mkewe. Viazi hivi vilinishinda tangu tulipofika."

Tulicheka mpaka Bi Joyce akagonga ukuta. Kesho yake Festo alikwenda kukataa. Mkataba huu ukiisha tunarudi, na kwa majaliwa tutawahi msimu wa kukaanga senene.

Nisalimie mama, na wakwe zangu kule Kanazi. Mdogo wangu Leokadia akija kwako kufundwa, mfunde yote uliyonifunda. Ila lile la kumeza, Shangazi, tafadhali liruke.

Mwanao anayekukumbuka, na anayenung'unika,
Adelina